Usipumue

Funga dirisha. Zima feni.
Mtoto wa jirani akibisha, asifunguliwe.
Gesare anashusha pazia la duka kama mtu anayeficha mgonjwa,
kisha ananipa kijitabu, kurasa ishirini na tano,
kila ukurasa wa dhahabu umelazwa kati ya karatasi mbili,
mwepesi kuliko ganda la kitunguu,
mwepesi kuliko neno "labda".
"Usipumue," ananiambia.

Napumua kidogokidogo, kama mwizi darini.
Keki ni ya ghorofa tatu. Inaenda Runda kesho saa nne asubuhi.
Wazee wawili wametimiza miaka hamsini ya ndoa
na watoto wao wametaka ghorofa ya kati ing'ae yote,
pasionekane hata upenyo wa krimu.
Napaka maji ya sukari.
Gesare akigeuka, napitisha brashi shavuni mara moja,
maana mafuta ya ngozi ndiyo yanayoinasa.
Ukurasa unainuka, unatetemeka, unataka kujikunja
(ukishajikunja haukunjuki, na mshahara wangu unajua),
kisha unaiangukia keki na kutulia
kama uliozaliwa hapo.

Baba yangu aliichimba hii.
Si hii hasa. Lakini nani ajuaye?
Shimo lake lilikuwa Ikolomani, nyuma ya migomba,
kina chake futi sitini, la kushukia kwa kamba ya katani.
Mama aliosha mchanga kwenye karai,
akizungusha, akimwaga, akizungusha,
hadi ibaki nukta moja ya njano
ambayo sisi watoto tulikatazwa kuipigia chafya.
Kumbe hata kule tulikuwa hatupumui.

Mnunuzi alikuja na mizani ndogo na njiti za kiberiti.
"Njiti mbili," alisema. Daima njiti mbili.
Njiti mbili zilikuwa daftari, sabuni, na nusu ya bati.
Kwetu dhahabu haikuwahi kulala hata usiku mmoja.

Juzi nilimpigia mzee simu, nikamweleza kazi yangu mpya.
Alinyamaza nikadhani salio limekwisha.
"Wanaila?"
"Wanaila, Baba."
"Halafu?"
"Halafu inapita."
Akacheka mpaka akakohoa, kile kikohozi cha shimo,
kikavu, chenye vumbi la mwaka wa tisini na tatu.
"Na ladha yake?"
Haina, nilimwambia. Haina hata chumvi ya jasho.
Hapo hakucheka.

Ukurasa wa kumi na tisa, stima ikapotea.
Donholm nzima ikaguna kwa sauti moja,
halafu jenereta ya kinyozi ikaanza kukoroma.
Gesare akawasha tochi ya simu, akaiinua juu ya kichwa,
na ile keki ikatoka gizani ikinitazama,
ukuta wa njano, wenye mikunjo, wenye unyevu.
Nikajua ndivyo alivyoiona yeye,
kule chini, akiwa na tochi kichwani na kamba kiunoni,
kabla hajaita juu kwamba wamvute.

"Maliza," akasema Gesare. "Mkono umechoka."

Nimemaliza. Watu husema
vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu.
Hakuna aliyenifundisha la kufanya
na king'aacho ambacho ni dhahabu kweli
na hakinunui bati.

Kilipande kimebaki kwenye kucha ya kidole gumba.
Kanuni ya duka ni kukirudisha kwa brashi.
Nimekitia kwenye kibweta cha kiberiti, juu ya njiti,
hakifiki uzito wa kichwa cha mojawapo,
nikakisukumia mkobani chini ya leso.
Krismasi nikienda nyumbani nitachemsha viazi vitamu,
nikibandike kwenye kiazi cha Baba
upande asiouona,
nikae mbele yake, nimtazame akitafuna.